Kwa Nini Wachezaji wa Wavu Hugusana Mikono

Kila jioni mnakimbilia uwanjani kucheza mpira wa wavu, mkidhani ni mchezo tu. Haya, tulieni kidogo, mabingwa wangu, mjue ulikotoka.

Hapo kale ardhi ya milima yetu ilikuwa na masikio. Chini yake aliishi zimwi, na kila baada ya mavuno alitema yai kutoka shimoni kwake, la duara, lenye ngozi, lenye joto kama mtu mwenye homa. Likigusa chini, zimwi alisikia, akaibuka papo hapo na kuwameza waliokuwa karibu. Mtu akilishika, zimwi alimtambua kwa jasho la viganja vyake, akamchukua yeye peke yake. Ila likikaa hewani mpaka jua lizame, lilikufa.

Kijiji kilikuwa na pande mbili, Mlimani na Bondeni, na katikati paliangikwa wavu wa kuwindia. Wazee walijifungia ndani, wakawaachia vijana kazi ya kulipokea yai, eti wao magoti yanauma. Vijana wangeweza kulirusha kwa kulipiga polepole, kwa kusaidiana, hadi machweo. Lakini hofu iliwala. Kila upande ulilipiga kwa nguvu juu ya wavu ili liwaangukie wenzao.

Mwaka mmoja, upande wa Bondeni alisimama binti aitwaye Nakiete na mdogo wake Kiangi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametolewa kucheza. Jua lilikuwa limebakiza kidogo tu kuzama. Kijana mmoja wa Mlimani aliruka, akalishindilia yai kwa nguvu zake zote. Lilimwelekea Kiangi. Mtoto alitaka kukimbia, akaishia kukaa chini akilia. Udongo chini yake ulianza kutikisika.

Nakiete alikuwa mbali mno asiweze kulipiga juu tena. Alijirusha, akalidaka kwa mikono miwili.

Alilikumbatia yai, akamtazama mdogo wake.

"Nenda kwa mama," alisema. "Usigeuke nyuma."

Kiangi aligeuka. Dada yake hakuwepo, na yai halikuwepo. Palikuwa na mchanga tu, bado unacheza.

Vijana wa pande zote mbili walikimbilia katikati, wakashikana mikono, kila mmoja akimpapasa mwenzake kuhakikisha yupo. Hata yule aliyelishindilia yai alimshika Kiangi mkono, akashindwa kuuachia. Mwaka uliofuata walilirusha polepole, pamoja, likafa machweo. Halikutemwa jingine.

Na tangu siku hiyo mchezaji wa wavu hadaki mpira. Na kila unapoanguka, wachezaji husogeleana na kugusana mikono. Ninyi mnasema mnapongezana. Sawa. Lakini nimewaona wanaopoteza pointi nao wakigusana, tena upesi zaidi.

Kwa hiyo kesho mpira ukianguka, gusaneni. Na mkono mmoja ukikosekana, msiendelee kucheza.