Amplifaya Iliyolia Kama Mbu

Mwanjaa wa Ngamiani alikuwa na spika mbili nzuri, amplifaya hana, na pesa yake yote ni elfu themanini. Akazipeleka spika dukani kwa Shemhilu, tajiri asiyepunguza bei hata umlilie machozi.

"Elfu themanini utapata hii ndogo," Shemhilu akasema, "nayo italia kama mbu. Chukua kubwa, laki tatu."

"Kaka, mimi sioni tofauti."

"Mimi naijua hata bila kutazama!"

"Haya, geukia ukutani nikuwashie moja moja."

Akageuka kwa maringo, wateja wakisikiliza. Mwanjaa akawasha ya kwanza.

"Mbu huyo!" Shemhilu akacheka.

Akawasha ya pili, vioo vya kabati vikatetemeka.

"Umeisikia kubwa?"

"Nimeisikia, kaka. Ila uwezo wangu ni yule mbu. Unaniuzia kwa elfu themanini?"

"Mchukue, wote hawa mashahidi. Utajuta!"

Mwanjaa akaweka pesa mezani. Shemhilu alipogeuka, alimkuta ameikumbatia ile kubwa, sauti yake imeshushwa karibu na mwisho. Ndogo ilikuwa bado inanguruma, sauti imefunguliwa yote.

"Ahsante, kaka," Mwanjaa akasema. "Huyu mbu nitamfundisha kunguruma nikifika nyumbani."