Kidole cha Kimya

Mbachao ni mkeka wako mkuukuu. Msala upitao ni ule mpya wa mwenzio, unaokupita mlangoni ukimeremeta. Kimya, mwanafunzi wa usanifu majengo, aliijua maana hiyo ya methali tangu shule ya msingi. Lakini kujua maana si kuonja uchungu.

Kompyuta yake aliirithi kwa kaka yake. Mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa wa zamani, ukiwaka kwa kujikongoja kama kobe, ila programu ya kuchorea majengo ilikuwa humo na haikumwangusha hata siku moja. Mwenzake wa chumbani, aliyebandikwa jina la Mjuaji, hakuacha kumcheka.

"Shoga, bado umekumbatia kizee hicho? Wenye akili tumehamia mfumo huru, ule wa bure. Mwepesi kama unyoya!"

"Na programu yangu ya michoro?"

"Itaingia tu. Acha woga."

Kejeli zilipomzidi, Kimya akanakili michoro yake kwenye flashi, akaufuta mfumo wa zamani na kuweka mpya. Kweli, uliwaka kufumba na kufumbua. Programu ya michoro ikagoma katakata. Mafaili yakakataa kufunguka, na mfumo wa zamani hakuwa na namna ya kuurudisha. Ilikuwa wiki ya kuwasilisha kazi, na maabara ya kompyuta ya chuo imefurika pomoni.

Akamkimbilia Mjuaji maktabani. Akamkuta anachora, tena kwa programu ileile, ndani ya mfumo uleule wa zamani.

"Kumbe wako hukuufuta?"

"Nani afute? Ninayo yote miwili. Kazi za chuo nazifanyia huku. Ule mwingine wa kujaribia mambo."

Damu ikamchemka Kimya. "Ukaniacha nifute wangu!"

"Mimi nilishauri tu. Kidole kilichobonyeza ni chako."

"Umenicheka muhula mzima kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukuthubutu kukiacha! Mnafiki mkubwa we!" Sauti ilitikisa maktaba. Aliyezoeleka kunong'ona siku hiyo alinguruma kama simba jike, hata mkutubi akamtoa nje.

Mhadhiri hakutaka kusikia. "Hakuna mchoro, hakuna alama. Utarudia somo mwakani."

Kimya alitoka ofisini kwa hasira. Alimchukia Mjuaji, akaichukia na ile kompyuta. Lakini kilichomkereketa zaidi, kama mwiba wa samaki kooni, ni kwamba habari ya kidole ilikuwa kweli. Usiache mbachao kwa msala upitao.