Sikio la Punda wa Sechelela

Mgongo hupona kwa mwezi, sikio kwa mwaka. Jirani yetu aliposema hivyo kisimani mlicheka, mkaniuliza sikio linaumwaje hata lichelewe kuliko mgongo. Endeleeni kumenya karanga, msizimalize mdomoni, nami nitawaeleza methali hii ilikoanzia.

Zamani, huko nyikani, wachuuzi wa chumvi walimtelekeza punda jike kwenye mto mkavu. Mgongo wake ulikuwa umechubuka hadi nyama ikaonekana. Sechelela, mjane aliyeishi na baba mkwe wake, mzee Ndahani, alimkuta alipokwenda kuchimba maji mchangani. Hakumgusa, kwa sababu alikuwa akirusha mateke. Alimwekea maji kidogo kwenye kibuyu, akasogea mbele, akamwekea tena. Kwa namna hiyo alimfikisha nyumbani jua likizama.

Maji yalikuwa adimu pale, na kijiji kilikuwa na desturi yake. Mnyama wa kuokotwa alitunzwa mwezi mmoja tu, kisha alibebeshwa mzigo mbele ya wazee. Akiukataa, alifukuzwa porini, na porini kulikuwa na fisi.

Sechelela alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi, akiyamimina kwa kata yenye mpini mrefu. Vidonda vikakauka, manyoya yakaanza kuota. Lakini kila mkono ulipoinuka, hata wa mtu anayejikuna, masikio ya punda yalilala nyuma, naye akatetemeka.

Siku ya mzigo ikafika. Ndahani alifanya kama walivyofanya watu wote wa pale: punda akikataa kutulia, shika sikio, lisokote, mwenzako apakie. Alipolishika tu, punda aliruka akamwangusha. Mtungi uliokuwa upakiwe ulivunjika, na mkono wa mzee pia.

“Huyu ana shetani,” akasema mzee mmoja. “Afukuzwe leo hii!”

“Baba zangu, mgongo umepona,” Sechelela akasema. “Sikio bado.”

Wazee wakaangua kicheko. “Sikio lina kidonda gani, mkwe? Hebu tuonyeshe usaha!”

“Tazameni yanavyolala mkono ukiinuka. Wale wa chumvi walimshika hapo hapo. Kila alipopigwa, kulikuwa na mkono sikioni.”

Kicheko kikapungua. Wote wakamtazama Ndahani, kwa kuwa ndiye aliyeumizwa. Alikuwa ameketi chini, ameukumbatia mkono wake.

“Atakunywa maji ya nani?” akauliza.

“Fungu langu, baba.”

“Basi mpe mwaka. Ukiisha, usije kunililia.”

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Sechelela alikunywa nusu, nusu akampa punda. Alikwenda mtoni na mtungi kichwani, punda akimfuata mgongo mtupu, na wanawake wakamtania: “Sechelela, utambeba lini na yeye?” Kila siku alimkaribia kwa upande wa bega, mkono chini, wala hakuupeleka shingoni kuelekea masikio. Mwezi wa nne alimwekea mgongoni sogi tupu, ule mfuko wa mizigo wa punda. Mwezi wa saba aliweka kibuyu kimoja ndani ya sogi ile. Mwaka ulipokaribia kwisha, punda alipita mbele ya wazee na vibuyu vinne vya maji, akiwa nyuma ya Sechelela. Hakuna aliyetaja tena kumfukuza.

Lakini Sechelela alikuwa amekonda sana, na haukupita muda akaanguka kwa homa. Maji ya nyumbani yakaisha. Ndahani, ambaye mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, akaenda zizini kumchukua punda. Punda alipomwona, masikio yakalala.

Mzee hakuinua fimbo. Alimwaga pumba chini, akaketi, akauweka mkono magotini. Alikaa hapo hadi kivuli cha zizi kikafika ukutani. Punda alibaki kwenye kona ya mbali, akitetemeka.

“Amekuja, baba?” Sechelela akauliza kutoka ndani, kwa sauti iliyosikika kwa shida.

“Hajaja.” Ndahani aliinuka polepole, akatwaa mtungi, akajitwika mwenyewe kichwani kwa mkono mmoja. “Sikio lile nililisokota mimi. Nitakwenda kukaa naye tena kesho, mwanangu. Mgongo hupona kwa mwezi, sikio kwa mwaka.”