Shingo za Mabata wa Bi Mwanahija

Hapo zamani, katika zama ambazo neno la mtu mmoja lilitosha kumhamisha mtu na nyumba yake, palikuwa na mji ukiitwa Mwambeni, na mtawala wake ni Sultani Badri. Hakuwa katili, nimesikia wakatili wengi wakisimuliwa, na yeye hakufikia daraja yao. Maradhi yake yalikuwa shingo. Alipenda kuona shingo za watu zimeinama, na kwa kuwa watu walipenda kuishi, waliinama. Ikawa baada ya miaka kumi na minne Sultani anawajua raia zake kwa utosi, wala asingeweza kumtambua waziri wake mwenyewe kwa pua.

Basi Ijumaa moja, akienda msikitini na msafara wake, alipita mbele ya nyumba ya mjane aitwaye Bi Mwanahija, aliyefuga mabata bukini wanane. Mayai yao ndiyo yaliyomlisha, na kelele zao ndizo zilizomlindia nyumba. Mabata waliposikia ngoma za msafara walitoka hadi njiani, wakainua shingo juu kabisa, wakamtazama Sultani na kupiga kelele. Msafara ukasimama.

"Viumbe hawa wameniinulia shingo," akasema Sultani.

"Wamekuinulia, bwana wangu," akajibu Waziri Haidari, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kurudia.

"Nawapa siku saba. Ijumaa ijayo wasiponiinamia, wachinjwe wote, na mwanamke huyu atoke mjini kwangu."

Bi Mwanahija akashika mwimo wa mlango asianguke. Hapo mtu aliyeegemea ukuta akacheka. Alikuwa Shekue, fukara asiye na kazi wala kitanda, ambaye watu walimwita mpumbavu kwa sababu alipenda kuuliza mambo ambayo kila mtu alidhani anayajua.

"Umecheka nini?" akauliza Sultani.

"Nimefurahi, bwana wangu. Sijapata kuona bata akipewa muda."

"Basi utawafundisha wewe. Wakishindwa, utatoka pamoja na huyu bibi."

Msafara ulipokwisha kupita, Bi Mwanahija akamtazama Shekue kwa jicho kali. "Wewe hata viatu vyako vimekushinda kuvifunga kamba, leo u mwalimu wa bata?"

"Nifundishe kwanza mimi, Bi. Hawa ni wakorofi?"

"Si wakorofi hata kidogo. Waingilie kwa upande, polepole, mikono mitupu, wala usiwakodolee macho, watakula miguuni pako. Mimi miaka yote hii hawajanigusa. Lakini ukiwaendea moja kwa moja, umewakazia macho, na fimbo umeiinua, wanajua umekuja vitani."

"Na leo, walipoinua shingo, walikuwa na hasira?"

"Ile ni kuangalia tu, mwanangu. Wanauliza, nani huyu? Bata huyu akikasirika shingo huilaza chini, karibu na ardhi, akainyoosha mbele. Hapo mkimbie."

Shekue akaomba yai la kuchemsha. Alipolimaliza akalala kivulini, na siku ya pili akalala tena. Siku ya tano Bi Mwanahija akamwambia, "Wenzako hufundisha wakiwa macho."

"Hawa wamehitimu, Bi. Nachelea nikiwagusa nitawaharibu."

Siku ya saba Shekue akaenda kasrini, akainama, akasema, "Bwana wangu, mabata wako tayari. Ila hawamwinamii mtu wa kujipitisha pembeni. Watamwinamia ajaye kwa miguu, mbele ya watu wake wote, anayewatazama machoni, na bakora ameiinua."

"Ndivyo nitembeavyo siku zote," akasema Sultani.

"Ndivyo nilivyowaambia."

Basi msafara ulipofika mbele ya nyumba ya Bi Mwanahija, Sultani akashuka kwenye farasi wake, akawaendea mabata kifua mbele na bakora juu. Mabata wote wanane wakalaza shingo, zikagusa vumbi, wakazinyoosha kumwelekea na kutoa sauti kama ya nyoka. Watu wakashangaa.

"Wanasema nini?" akauliza Sultani.

"Wanakutakia umri mrefu, bwana wangu," akasema Waziri, "kwa sauti ya chini, kwa haya."

Sultani akaridhika mno, akatangaza mbele ya mji mzima kuwa Bi Mwanahija na mabata wake wasibughudhiwe maisha yao yote. Kisha akageuka arudi.

Kumpa bata mwenye hasira mgongo ni kumfungulia mlango. Dume akalidaka joho, wengine wakaidaka miguu, na mbawa zikampiga Sultani mpaka kilemba kikaanguka. Askari wakakimbia, Waziri akiwa wa kwanza. Bi Mwanahija akaja kwa upande, mikono mitupu, akawaita kwa sauti ndogo, nao wakamwacha Sultani na kumfuata, wakaanza kudonoa majani.

"Shekue," akasema Sultani akiwa bado vumbini, "hii ndiyo adabu?"

"Bwana wangu, uliagiza shingo ziinamishwe. Zimeinama, umeziona, na Waziri ameshuhudia. Neno jingine hukuliagiza."

"Lakini waliinama nao wananichukia."

"Bata bukini huinama akichukia. Sikuona haja ya kukueleza. Mtu anayeinamiwa kila siku, nilidhani anajua."

Sultani akawatazama watu wake. Njia nzima walikuwa wameinama, na Waziri, aliyekuwa amekwisha kurudi, ameinama kuliko wote.

"Na hawa?" akauliza taratibu.

"Hawa sikuwafuga mimi, bwana wangu. Wa kuulizwa ni mfugaji wao."

Sultani akamwamuru Waziri Haidari ainue uso. Waziri, kwa hofu, akazidi kuinama. Neno lililotangazwa mbele ya mji halikuweza kurudishwa, basi Sultani akaokota kilemba chake mwenyewe, akashika njia ya kasri akienda kinyumenyume, mkono mmoja ukipapasa kuta za nyumba za watu, macho yake hayatoki kwenye zile shingo.