Fundo la Nyati

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na kisima.
Na maji yake?
Yamekimbilia chini.
Tuyafuate!

Kwanza niungame. Ngano hii nilifundishwa na jirani yetu, Bi Mwanahija, nami kwa miaka saba nikaisimulia kana kwamba nimeitunga mwenyewe. Huo ni wizi. Mola anisamehe. Haya.

Ukame ulikuja, maji ya kisima cha wote yakashuka mbali. Kila aliyetumbukiza ndoo, kamba yake ilikatika. Kacha! Nguchiro alikuwa na watoto wanne, ndimi zimewakauka, hata kulia hawalii tena.

Nyati akajilaza mbele ya kisima. "Hiki changu. Atakayenifundisha kutoa maji atakunywa na mimi. Lakini aninong'oneze sikioni, asisikie mwingine."

Akaja Kobe, akanong'ona: loweka ukindu kwanza. Nyati akasema, "Bado! Nenda."

Akaja Kima, akanong'ona: suka nyuzi tatu pamoja. "Bado! Nenda."

Akaja Mnana, yule ndege fundi wa viota, akanong'ona: fundo lipitishwe hivi, lirudi hivi. "Bado! Nenda."

Nyati akabaki na akili zote tatu, na kwato nne. Kwato hazisuki.

Nguchiro akaja. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nong'ona."

"Sina la kunong'ona. Akili unazo, umekosa vidole tu. Waite wakufanyie. Na kila mmoja aseme kwa sauti anachofanya, wasije wakakuchezea."

Nyati akaona kweli.

Basi Kobe akaloweka, huku anasema. Kima akasuka, huku anasema. Mnana akafunga ndoo, huku anasema. Wanyama wote wamekaa, wanasikia.

"Na ncha hii, mjomba?" akauliza Nguchiro.

"Nifungieni kwenye pembe! Kamba yangu asiiguse mtu. Sasa tokeni!"

Wakatoka.

Nyati akatumbukiza ndoo. Chubwi! Akarudi nyuma, puku, puku, puku, ndoo ikapanda mpaka ukingoni. Akaja anywe, ndoo ikashuka. Chubwi! Akarudi nyuma, puku, puku, puku, ikapanda. Akaja anywe, ikashuka. Chubwi!

Jua halijapinduka, wanyama wakarudi, kila nyumba na kamba yake: imelowekwa, imesukwa, imefungwa. Njiani Kima alikuwa ameongeza kitanzi cha kushikia. Kufika kisimani, kamba zote zina vitanzi. Wakaja wawili wawili, mmoja avuta, mmoja apokea. Watoto wa Nguchiro wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

"Wezi!" Nyati akafoka. "Mmeniibia fundo langu!"

"Si hilo hapo kwenye pembe, mjomba?" akasema Nguchiro. "Hebu litazame. Limepungua?"

Nyati akageuza macho juu. Halikupungua.

"Sasa," akasema, safari hii taratibu, "mimi nani atanipokelea ndoo?"

"Yeyote, mjomba. Panga foleni."

Funzo lake, enyi mnaosikiliza: akili ifichwe. Nyati alikosea kuita watu. Angenyamaza pale pale kisimani, angekuwa mfalme mpaka leo, mfalme mkavu.

Ngano nimeitua chini, aitakaye aibebe. Nami naomba, aliye karibu na mtungi anipe maji.