Kikoa cha Bi Nguchiro

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa na nyumba, meko na masinia kama sisi. Sogeeni, wajukuu zangu. Na wewe uliyeuacha mchicha pembeni mwa sahani, kaa mbele kabisa, maana hadithi hii nimeileta kwa ajili yako.

Katika bonde la Kisanga waliishi wakubwa watatu: Fisi, Kiboko na Nyani. Chini kabisa, karibu na mto, Bi Nguchiro aliishi shimoni na watoto wake wachanga. Kila mwaka kabla ya masika, wale wakubwa walipanda mlimani wakachimba mtaro wa kuyapitisha maji kando. Mtaro usipochimbwa, mto unaingia moja kwa moja shimoni kwa Bi Nguchiro.

Siku za nyuma watu wa Kisanga walikula kikoa. Kila nyumba ilileta chungu chake, vyote vikapakuliwa kwenye sinia moja, wakazunguka wakala. Halafu wakubwa wakagombana kwamba chungu cha nani ndicho kinachotia nguvu. Kila mmoja akabeba chakula chake, akafunga mlango, akala peke yake. Hata salamu ziliisha.

Basi masika yakakaribia, na Bi Nguchiro akaenda kuwakumbusha habari ya mtaro. Alimkuta Fisi amejilaza kizingitini, kazungukwa na mifupa.

"Hodi, kaka Fisi. Mvua hiyo inakuja."

"Mdogo wangu, hata kuinama siwezi," Fisi akasema. "Tumbo limefunga siku nyingi. Fizi zinatoka damu. Na hiki kidole gumba cha mguu, nzi akitua tu nalia."

"Unakula nini, kaka?"

"Nyama. Asubuhi nyama, jioni nyama."

"Na mboga?"

"Majani ni ya mbuzi. Mimi ni Fisi."

Akaenda kwa Kiboko. Huyu alikula ugali mtupu, bonge juu ya bonge, kisha usingizi: khoroo, khoroo. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilibidi apumzike njiani.

"Mjomba, mtaro," Bi Nguchiro akasema.

"Ngoja kwanza nipumue," akajibu Kiboko, akasinzia tena.

Akaenda kwa Nyani. Matunda ni mazuri, siwadanganyi, lakini Nyani aliyachovya yote kwenye asali, akashushia kaimati, kisha akauramba na mtungi wenyewe. Meno yake yalikuwa yametoboka, mikono ilitetemeka, na alikunywa maji bila kiu kukatika.

"Shemeji, jembe hili nikilishika litaniangukia," akasema.

Bi Nguchiro akarudi nyumbani. Aliwatazama watoto wake wamelala wamerundikana, akalia, maana mashimo yote ya juu yalikuwa na wenyewe. Kisha akajifuta machozi, akakoroga chungu chake cha kunde na mchicha. Alijua kwamba mkubwa hakubali kuambiwa na mdogo ale nini. Lakini alijua pia kwamba wale watatu walikuwa na ugonjwa mwingine, nao ni kupenda sifa.

Kesho yake akatokea kwa Fisi na bakuli.

"Kaka, nimepita kwa Kiboko. Anasema wewe huwezi kumaliza kunde na mchicha kwa ugali. Anasema una tumbo la kitoto."

Fisi akainuka kwa kiwiko. "Kiboko yule asiyeweza kufika mlangoni? Lete hapa."

Akala, nyamu nyamu, mpaka bakuli likang'aa. Kisha akachukua finyango za nyama. "Mpelekee hizi. Mwambie kama ni dume azitafune."

Kiboko alipoletewa finyango na mboga pembeni, Bi Nguchiro akamnong'oneza, "Mjomba, Fisi kasema wewe unajua kumeza tu, kutafuna hujui."

Kiboko akatafuna taratibu huku amekunja uso. Akamaliza mboga pia, asije Fisi akasikia amebakiza. Halafu akakata nusu ya ugali wake. "Mpe Nyani. Yule anakula kama mtoto wa siku ya sikukuu. Chakula cha kazi hakiwezi."

Na kwa Nyani maneno yakafika hivi: "Shemeji, Kiboko anasema huwezi kushinda siku moja bila kulamba asali."

Nyani akaufunga mtungi kwa kitambaa, pu, akaupandisha darini. Akala ugali, kunde na finyango, akatuma mapapai na machungwa kwa wenzake, eti waone kama wataweza kula tunda lisilo na asali.

Uongo ni mbaya, wajukuu, na nikimkamata nao mmoja wenu atanitambua. Lakini Bi Nguchiro alikuwa mama, na mawingu yalikuwa yakikusanyika. Kila siku alikimbia kutoka mlango hadi mlango, huku akichukua kidogo na kule akipeleka kidogo. Kikoa kilikuwa kimerudi Kisanga, ila walaji wenyewe hawakuwa na habari.

Siku moja Fisi akaenda kisimani, akamkuta Kiboko anateka maji.

"Finyango zako nimezitafuna zote," Kiboko akasema. "Una jingine?"

"Wewe ndiye uliyesema nina tumbo la kitoto."

"Mimi? Sijasema."

Nyani naye akatokea na mtungi wa kutekea maji. "Na kwamba siwezi kuacha asali, hukusema?"

"Wallahi sijasema."

Wakatazamana. Kisha wote watatu wakasema kwa pamoja, "Nguchiro!"

Bi Nguchiro alisikia tifu, tifu, tifu, akageuka, akawaona. Alitimua mbio kupanda mlima, nao nyuma yake, mpaka pale unapoanzia mtaro. Hapo pumzi zikamwishia. Akapanda juu ya jiwe, akawageukia.

"Mtanipiga," akasema, "lakini kwanza mnijibu. Mjomba, kutoka kisimani mpaka hapa umepumzika wapi?"

Kiboko akageuka, akaliangalia bonde lililokuwa mbali kule chini. "Sikupumzika," akasema polepole.

"Kaka Fisi, kidole?"

Fisi akakanyaga chini, akakanyaga tena. "Hakiumi."

"Shemeji, mikono?"

Nyani akainyoosha. Ilikuwa imetulia.

"Hakuna aliyemtukana mwenzake. Niliwadanganya mimi," Bi Nguchiro akasema. "Nilichukua kidogo kwa kila chungu, nikawalisha wote. Watoto wangu wako kule chini, na mvua ndiyo hiyo."

Kiboko ndiye aliyeanza kujibu.

"Mwanangu, ungeniambia nile mboga ningekufukuza."

"Najua, mjomba."

"Basi ahsante kwa kunidanganya."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. Nyani akashuka mbio kuleta majembe. Walichimba mpaka mtaro ukakamilika, na mvua ilipoteremka, chwaaa, maji yakapita kando. Watoto wa Bi Nguchiro hawakuamka hata mmoja.

Kulipopambazuka, Bi Nguchiro akaenda kuwashukuru. Aliwakuta wote watatu uani kwa Kiboko, wamezunguka sinia moja, na nafasi moja wameiacha wazi. Akafungua kinywa aseme ahsante. Kiboko akakata tonge dogo, akalichovya kwenye mboga, akamwekea mkononi.

"Kula kwanza," akasema.

Basi wajukuu zangu, mwili hushukuru kidogo cha kila chungu, nasi tumshukuru anayetupakulia.