Tausi Aliyelitaka Jina la Egai

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mji, si kibanda. Wenye masikio wayatege. Wenye kujisifu wapumzike kidogo.

Hapo zamani za kale, huko Uyunani, palikuwa na mji mlimani ukiitwa Egai. Wazee wa huko walisema jina hilo, kwa lugha yao ya kale, limetokana na mbuzi. Mbuzi walitangulia, watu wakafuata, mji ukajengwa. Basi kila kiangazi ukoo wa mbuzi ulikunywa kwanza kwenye birika la mawe, chini ya jabali.

Akaja Tausi. Kaja juzi, kaja na mkia. Akautandaza, fwaaa, akasema, "Mji mzuri hivi upewe jina la wenye ndevu na harufu? Jina hili ni la babu zangu. Tangu leo nakunywa mimi kwanza. Mbuzi watakunywa mwisho."

Wanyama wakatazama mkia. Wakatazama ndevu. Wakaona mkia una hoja.

Mwaka ule jua lilikuwa kali. Birikani yalibaki maji ya kulamba tu. Bi Mbuzi alikuwa na mapacha, ndimi zao zimekauka kama ngozi ya ngoma. Alijua kwamba wa mwisho mwaka ule hatakunywa kitu. Lakini hakupiga kelele.

"Bwana Tausi," akasema, "tutajie hao babu zako."

Tausi akataja. Wa kwanza alikalia dhahabu. Wa pili alikalia fedha. Wa tatu alikalia hariri. Akataja saba, wote wamekaa.

"Wamekaa sana," akasema Punda. "Hakuna hata mmoja aliyesimama?"

"Nyamaza, mbeba kuni."

Bi Mbuzi akauliza, "Na nani kati yao alizibua chemchemi?"

"Kuzibua? Babu zangu hawakushika tope, bibi."

Wanyama wakatazamana. Chemchemi ya Egai iko juu ya jabali, na kila kiangazi huzibwa na mawe na udongo. Mwenye jina la mji ndiye huizibua, ndiyo maana hunywa kwanza. Tausi aliona kunywa tu. Hakuuliza kabla ya kunywa kuna nini.

"Bibi yangu alizibua, akavunjika pembe," akasema Bi Mbuzi. "Mama yake alizibua akiwa na mimba. Mama wa huyo aliangukia kule kule, na mifupa yake tunajua ilipo. Sina dhahabu ya kukutajia. Jina ukilitaka, lichukue. Jabali lile pale."

Tausi akapanda hatua moja, mkia ukanasa miibani. Hatua ya pili, manyoya yakang'oka, pwa. Akashuka.

"Mimi," akasema, "nimeumbwa kutazamwa."

"Tumeshakutazama," akasema Punda.

Bi Mbuzi akapanda. Kwa, kwa, kwa. Akachimba kwa kwato, paru, paru, paru. Kimya. Akachimba tena. Paru, paru. Maji hayo, chururu, yakateremka birikani.

Nani alifika wa kwanza? Tausi, shingo mbele. Punda akamzibia njia kwa mgongo.

"Mapacha kwanza. Kisha mama yao. Kisha sisi. Wewe mwisho, bwana mkubwa, na mimi hunywa polepole."

Sikieni basi, wakubwa kwa wadogo. Jina la mahali si pambo la kuvaa. Ni kazi ya waliotangulia. Asiyeiweza kazi asilidai jina.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye ukoo wa kubuni, naye abuni mwisho wake.